Kifo cha Kuazima

Muda mfupi! Hebu nisaidieni kuhesabu. Gundi alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka minane, darasani, akaliangukia dawati la mwenzake na kulipindua. Jumatano asubuhi alikutwa kitandani kalala kifudifudi, uso umezama kwenye mto, mwili umeshapoa, akiwa na miaka thelathini na minne. Toeni wenyewe. Halafu mtu mzima na mvi zake anavuta kiti, anasafisha koo, anasema, "Andika, mwanangu: amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Aliyeambiwa aandike ni dada yake marehemu. Aliyemwambia ni baba yao mdogo, mwalimu mkuu mstaafu, msemaji wa ukoo kwenye posa, kwenye ugomvi na kwenye misiba, mtu ambaye akisimama na kipaza sauti hata watoto wachanga hunyamaza.

"Muda mfupi ni upi, Baba Mdogo?"

"Hiyo ni lugha ya heshima."

"Heshima kwa nani?"

"Usianze, mama."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Mtaa mzima ulimwita Dada Chapa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchapa. Alikuwa na kijiduka mkabala na posta, kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala inayokwama ikisikia joto, na kiti kimoja cha wateja chenye mguu uliofungwa waya. Alichapa barua za kuomba kazi, mikataba ya vyumba, kadi za harusi. Ila zaidi ya vyote alichapa wasifu wa marehemu, ile karatasi moja inayosomwa mazikoni: kuzaliwa, kusoma, kazi, ugonjwa, aliowaacha. Kazi ya haraka hiyo, maana maiti haisubiri, na Dada Chapa alikuwa na mtindo wake. Haanzi upya hata siku moja. Anafungua wasifu wa zamani, anabadilisha jina na tarehe, anapunguza watoto au anaongeza, anauhifadhi kwa jina jipya. Dakika kumi na tano umemaliza. Wafu wa mtaa mzima walikuwa ndani ya ile kompyuta, kila mmoja amevaa maneno ya mwenzake.

Siku hiyo ya Jumatano, Baba Mdogo alipoondoka akiwa amemwachia kipande cha karatasi, Dada Chapa alitafuta kwenye mashine maneno hayo matatu: kwa muda mfupi. Yakatoka mafaili arobaini na moja. Akaanza kuyafungua moja moja. Wengine kweli waliugua muda mfupi, Mungu awapumzishe. Lakini huyu binti wa mshona mapazia? Alikuwa anaanguka, kila mtu alijua, na alikutwa amekufa bafuni. Huyu kondakta? Alikuwa anaanguka. Huyu mwanafunzi wa ufundi, aliyekutwa asubuhi bwenini mwao? Baba yake alikaa kwenye kiti kile kile chenye waya, akasema, "Wewe andika tu aliugua ghafla, mama, yasiwe mengi." Na yeye aliandika. Aliandika kwa vidole vyake hivi hivi, akaweka nukta, akaulizia nakala ngapi.

Alijichukia.

Sasa, huyo Gundi mnatakiwa mmjue. Alikuwa fundi viatu, kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la pili kutoka kwa dada yake. Jina la Gundi lilitokana na kazi, na pia na tabia, kwa sababu akikuganda na hadithi huondoki mpaka soli ikauke. Mpole, mcheshi, akikucheka unacheka naye. Na maisha yake yote watu walimfundisha kuogopa. Gundi, usikae karibu na jiko. Gundi, usioge mtoni. Gundi, shuka kwenye hiyo ngazi. Gundi, barabara hiyo, ngoja ushikwe mkono. Alitii yote. Hakuwahi kuungua, hakuwahi kuzama, gari halikuwahi kumgusa. Kitanda ndicho hakuna aliyemwambia akiogope.

Na wiki tatu kabla ya hapo Dada Chapa alimpelekea chai kibandani, akamkuta ameweka kidonge juu ya kipande cha ngozi, anakikata katikati kwa kisu cha soli.

"Ufundi gani tena huo?"

"Nazigawa zifike mwisho wa mwezi. Kliniki zimeisha, wameniambia nirudi."

"Nusu inatosha kweli?"

"Dada, miezi minne sijaanguka. Mimi nimeshapona, sema tu sijajitangaza."

Wakacheka. Wote wawili walicheka, chai mkononi. Hicho kicheko ndicho kilichokuwa kinamla Dada Chapa kuliko kitu kingine chochote.

Alhamisi asubuhi alikwenda kliniki kuchukua hati ya daktari. Alikaa kwenye benchi saa nzima akisoma mabango ukutani. Kulikuwa na bango la kunawa mikono, bango la mbu, bango la kunyonyesha, bango la kutotema mate ovyo. La kifafa halikuwepo. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo mwenye macho mekundu ya kazi nyingi, na si kwamba alikuwa mtu mbaya. Dada Chapa angependa sana awe mtu mbaya, angalau ingekuwa rahisi. Alimpa pole, akampa hati. Penye sababu ya kifo paliandikwa: moyo kusimama.

"Moyo kusimama," Dada Chapa akasoma kwa sauti. "Daktari, hata aliyegongwa na lori moyo wake umesimama. Nakuuliza lori."

Daktari akavua miwani. Akaangalia mlango, akaangalia kadi ya kliniki ya Gundi iliyokuwa mezani. Visanduku viwili vya mwisho vilikuwa na wino mwekundu: dawa hakuna, arudi. Dawa hakuna, arudi.

"Ni kifafa," akasema. "Mtu mwenye kifafa anaweza kuanguka akiwa usingizini, na baada ya hapo pumzi ikakatika, moyo ukasimama, asiamke tena. Si wengi, lakini hutokea. Hatari ni kubwa zaidi kwa yule ambaye kuanguka kwake hakujatulia, na kwa yule ambaye dawa zimekatika."

"Mnalijua hilo?"

"Tunalijua."

"Tangu lini?"

"Tangu shuleni. Limo vitabuni."

"Na Gundi, kwa miaka yote aliyokuja hapa na hiyo kadi, alishaambiwa?"

Daktari akaigeuza ile kadi, akaigeuza tena.

"Nakuuliza kwa adabu, daktari."

"Kwa kweli hatupendi kuwatisha wagonjwa."

Hapo ndipo hasira zilipompanda. Alisimama, kiti kikalia kwenye sakafu, na muuguzi aliyekuwa anapima watoto chumba cha pili akachungulia.

"Mlimwambia ataungua, mkaona hamjamtisha! Mlimwambia atazama, mkaona hamjamtisha! Alikuwa anakata vidonge kwa kisu cha viatu kwa sababu alidhani akikosa dawa atakachopata ni kuanguka tu, aibu ya dakika tano, ajifute vumbi arudi kazini. Hakujua anacheza na roho yake. Mngemwambia angenisumbua mimi, angesumbua mji mzima, hizo dawa zingetafutwa mpaka zipatikane. Mmemtunza asitishike, sasa kafa akiwa hajatishika. Hongereni!"

Daktari alichukua kalamu, akaivuta ile hati, na chini ya "moyo kusimama" akaongeza: kifo cha ghafla kutokana na kifafa. Akagonga muhuri.

"Ana mtoto," Dada Chapa akasema, sauti imeshuka. "Naye anaanguka. Afanyeje?"

"Dawa kila siku bila kuruka hata moja, na zikikaribia kuisha mje mapema, msingoje ziishe. Anayelala chumba kimoja naye ajue. Akianguka alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, mtu akae naye mpaka apumue vizuri na azinduke. Kikipita dakika tano hakijakoma, mleteni hospitali mbio. Hatari inapungua sana kwa njia hiyo."

"Basi siku zote hizo mngekuwa mmesema maneno hayo," akasema Dada Chapa, "yangeisha kabla kikombe cha chai hakijapoa."

Mtoto mwenyewe ni Kidosho. Miaka kumi na mitatu, mtoto wa pekee wa Gundi, mrefu kama baba yake na mbishi kama shangazi yake. Alianza kuanguka miaka miwili iliyopita, na mama yake, wifi yake Dada Chapa, akaligeuza jambo hilo kuwa kizunguzungu. Kidosho ana kizunguzungu. Dawa zake zilihamishiwa kwenye kopo la vitamini, na mtoto akaambiwa ni vitamini za damu. Jumatatu alikuwa anaondoka kwenda shule ya bweni, sanduku limeshafungwa, godoro limenunuliwa. Msiba haukubadilisha safari. Wifi mtu alisema heri aende akasome kuliko akae anaangalia kiti cha baba yake.

Ijumaa jioni ukoo ulikutana sebuleni. Kidosho alitumwa kwa majirani kuazima viti. Dada Chapa akatoa wasifu alioandika mwenyewe, na safari hii hakufungua faili la mtu. Alianza kwenye ukurasa mweupe, ikamchukua saa nne. Akasoma mpaka alipofika penyewe: "Marehemu aliishi na kifafa kwa miaka ishirini na sita. Kifafa ndicho kilichomuua, akiwa usingizini, baada ya dawa zake kupungua. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kinaweza kuua."

Baba Mdogo alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

"Haitasomwa hiyo."

"Daktari ameandika na muhuri amegonga."

"Daktari hana mabinti wa kuozesha kwenye ukoo huu."

Wifi mtu akadakia, kanga ya msiba begani, macho yamevimba. "Wifi, mimi nimefiwa na mume. Niache. Fomu ya shule nimeijaza kwa mkono wangu: mtoto hana tatizo la afya. Ukisimama pale ukitangaza kifafa, Jumatatu wanamrudisha getini. Wenzake watamkimbia. Akikua nani atamwoa?"

"Aolewe akiwa hai kwanza!"

"Usiniapizie mtoto!"

"Simwapizii, wifi, nakuomba! Unampeleka kulala chumba cha watoto arobaini, na hakuna hata mmoja anayejua. Akianguka usiku watadhani anaota. Na yeye mwenyewe anajua ni vitamini. Mtoto gani alishawahi kuogopa kusahau vitamini? Wiki ya kwanza atameza, wiki ya pili atagawia marafiki."

"Umemzaa wewe?"

Dada Chapa hakuwa na mtoto, na kila mtu pale ndani alijua kwamba neno hilo lilitupwa palipolengwa. Alijikaza kisabuni.

"Sikumzaa," akasema. "Baba yake pia sikumzaa. Ila nilimlea nikamficha kama mlivyotaka nyote, na kesho namzika."

Baba Mdogo akainuka. Ile karatasi aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa koti. "Mjadala umefungwa. Huyu mwanamke ana uchungu, na uchungu hauandiki. Wasifu nitaupeleka kwingine ukachapwe kwa lugha iliyonyooka."

Kwingine ni wapi? Ng'ambo ya barabara, kwa Mtaalamu. Mtaalamu ni baba wa watu mwenye tumbo lake na suruali ya kushikiliwa kwa kamba, aliyejifunza kazi kwa Dada Chapa miaka sita iliyopita, akajua kufungua na kuhifadhi, akaondoka kwenda kufungua duka lake akiandika ubaoni "Mtaalamu wa Nyaraka". Mtindo alichukua wote. Yaani wa kutoanza upya.

Baba Mdogo alimfikia saa ambayo Mtaalamu anataka kufunga. Akampa jina, tarehe, shule aliyosoma, na amri moja: neno la kifafa lisionekane popote. Mtaalamu akasema halina shida mzee, dakika kumi. Baada ya dakika kumi Baba Mdogo akaletewa karatasi, na yeye, aliyesahihisha insha za watoto miaka thelathini na nane, akapitisha kidole juu yake akitafuta neno moja tu. Hakulikuta. Akaridhika, akaagiza nakala mia mbili.

Jumamosi saa nane mchana watu walijaa makaburini. Jua kali, viti vya plastiki havikutosha, wateja wa Gundi wamekuja, wengine na viatu alivyovishona yeye. Kidosho alikaa mstari wa mbele katikati ya mama yake na shangazi yake, mikono imepakatwa, karatasi ya wasifu mapajani. Alikuwa analia bila sauti, na kila mara anajifuta kwa bega.

Baba Mdogo alishika kipaza sauti. Alianza vizuri. Kuzaliwa sawa. Shule sawa. Sauti inapanda inashuka, watu wanatikisa vichwa. Ubaya wa mtu aliyezoea kusoma mbele za watu ni kwamba haisikilizi sauti yake mwenyewe.

"Marehemu alilitumikia shirika la reli kwa uaminifu mkubwa hadi alipostaafu kwa heshima."

Vichwa vikaanza kugeukiana. Reli?

"Katika miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na miguu, uzee ukiwa umemwelemea."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ebo!"

"Amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ameacha mjane, watoto tisa, na wajukuu kumi na wawili."

Kuna kijana alicheka. Si kwa dharau, masikini, kicheko kilimponyoka tu, akajiziba mdomo. Lakini kilishatoka, na nyuma yake kikatoka kingine, na mama mmoja mwenye sauti kavu akauliza kile ambacho kila mtu alikuwa anajiuliza: "Wajukuu wa nani? Gundi huyu huyu?"

Baba Mdogo alitazama karatasi. Sasa ndiyo akaisoma. Uso ukamshuka, akaigeuza upande wa pili kana kwamba Gundi yuko huko. Mtaalamu, aliyekuwa amesimama karibu na mti wa uzio, alianza kurudi kinyumenyume.

Kidosho akainua uso. "Shangazi, kwani hawamjui Baba?"

Hilo swali lilimwinua Dada Chapa kwenye kiti. Hakumbuki alivyotembea. Anachokumbuka ni kipaza sauti mkononi mwake, chenye joto la mkono wa Baba Mdogo.

"Tulieni," akasema. "Msimcheke ndugu yangu. Mchekeni huyu mzee wa reli aliyeletwa kuzikwa mara ya pili. Hiki kifo mlichosomewa si cha Gundi. Kimeazimwa. Kwetu kulikuwa na kifo chetu kamili, kina jina na kina muhuri wa daktari, tukakionea aibu, tukaenda ng'ambo ya barabara kuazima cha mzee wa watu aliyekufa kwa miguu!"

"Shuka hapo," Baba Mdogo akanong'ona.

"Sishuki! Gundi alikuwa na kifafa. Nyote mnajua, maana nyote mlishamwokota. Kifafa ndicho kilichomuua. Hakuzama, hakuungua, hakugongwa. Alilala kitandani kwake akafa, kwa sababu alikuwa anameza nusu kidonge, na alimeza nusu kwa sababu kliniki walimwambia hakuna, na hakupiga kelele kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kinaua. Kliniki walijua, wakanyamaza wasimtishe. Sisi tuliogopa majirani. Na mimi, mimi mwenyewe ninayepayuka hapa, nilimwona anavikata nikacheka. Na nyinyi wengine! Binti wa bafuni nilimchapa mimi. Kondakta nilimchapa mimi. Aliugua ghafla, aliugua muda mfupi, mkalipa mkaondoka. Kama lingesemwa kwenye mazishi ya yule wa kwanza, huyu leo angekuwa kibandani anagonga misumari. Tumemuua kwa adabu zetu!"

Hakuna aliyecheka tena. Mstari wa nne akainuka mwanamume mwembamba, kofia mkononi. Dada Chapa alimtambua: baba wa yule mwanafunzi wa ufundi.

"Wangu alikuwa anaanguka," akasema. "Nilisema ghafla. Haikuwa ghafla." Akabaki amesimama hivyo hivyo, hajui aketi au atoke.

Na Kidosho akasimama. Mama yake alimvuta gauni. Akaliondoa gauni mkononi mwa mama yake. Alikuja mpaka mbele, karibu na kaburi, akamtazama shangazi yake machoni.

"Baba alikuwa anaanguka kama mimi ninavyoanguka?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo mimi sina kizunguzungu."

"Huna."

"Na vile si vitamini."

"Si vitamini. Ni dawa. Ni zile zile za baba yako."

"Na mimi naweza kufa hivyo?"

"Usimtishe mtoto!" Baba Mdogo akafoka.

Dada Chapa alitamani kusema hapana. Neno lilikuwa tayari ulimini, tamu, rahisi, na wote pale wangelipokea kwa shukrani. Ndilo neno alilopewa Gundi miaka ishirini na sita.

"Unaweza," akasema. "Si lazima, na wengi hawafi. Ukimeza dawa zako kila siku, na wanaolala karibu nawe wakajua, na mtu akakaa nawe ukianguka, hatari inapungua sana. Lakini sitakudanganya. Unaweza."

Kidosho hakulia. Alikunja uso kwa hasira, hasira ya mtu mzima kabisa, akageuka kumtazama mama yake aliyekuwa bado kashika hewa pale gauni lilipokuwa.

"Jumatatu nakwenda shule," akasema. "Wataambiwa. Utawaambia wewe, Mama, au niwaambie mimi?"

Mjane alitazama kulia, akatazama kushoto. Watu wote wale aliowaogopa walikuwa pale, wanamwangalia: majirani, mama wakwe wa kesho, wenye midomo yao. Hakukuwa tena na cha kuwaficha. Aliinuka taratibu, kanga ikamwanguka begani, hakuiokota. Alipofika mbele, Dada Chapa alidhani atachapwa kofi, na akaacha shavu lake pale pale lichapwe.

Wifi yake akampokonya kipaza sauti.

"Nitawaambia mimi," akasema. "Nitamwambia mwalimu mkuu, nitamwambia matroni, na mtoto atakayelala kitanda cha pili nitamwambia. Wakimrudisha getini nitakaa getini. Na Jumanne niko kliniki, wanieleze kitu gani kingine walichonificha nisitishike. Mlionyamaza na mimi, tulinyamaza pamoja; sasa mimi nimetoka humo."

Akageukia wachimbaji waliokuwa wameegemea majembe yao.

"Haya, mzikeni mume wangu. Ameuawa na kifafa."